Jiwe Lako, Kokoto Zangu

Jiwe likiwa bado limekaa ardhini, sheria ya Tanzania haina shaka nalo. Ardhi yote ni ya umma na Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya wananchi; hivyo inasema Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999. Kilichomo ndani ya ardhi kina sheria yake nyingine, ile ya Madini ya mwaka 2010, ambayo inayahesabu mawe, mchanga na kokoto kuwa madini ya ujenzi na kuweka mali ya madini yote mikononi mwa Jamhuri ya Muungano. Mimi mwenye kiwanja nina haki ya kukaa. Kujenga, kupanda mwembe, kufuga kuku, ruksa. Lakini lile jichwa la jiwe linalochomoza katikati ya uwanja, kwa karatasi, si langu hata kidogo.

Kwa karatasi. Mtaani hakuna anayezungumza hivyo. Mtaani jiwe ni la mwenye kiwanja, hasa likiwa kero. Mvutano unaanza likishavunjwa, na huo ndio ninaotaka kuuzungumza leo: jiwe likivunjwa kwa mikono ya mtu mwingine, vipande ni vya nani?

Anayeishi kaskazini mwa Kinondoni, kuanzia Kunduchi na Mtongani kwenda Tegeta, Boko mpaka Bunju, anajua ninachosema. Sehemu kubwa ya ukanda huu imekaa juu ya mawe ya chokaa, mabaki ya matumbawe ya kale kutoka enzi ambazo bahari ilikuwa imefika tunapolala sisi. Ndiyo maana kiwanda cha saruji kikajengwa Wazo Hill na kuanza kazi mwaka 1966. Ndiyo maana pia kuna magofu ya Kunduchi, msikiti na makaburi ya nguzo yaliyopambwa vyombo vya Kichina, yote kwa mawe ya hapa hapa. Ukienda pale utasoma habari za waliozikwa na za vyombo vilivyosafiri kutoka China. Aliyeyakata mawe hatajwi.

Sasa, mtu akinunua kiwanja huku, baada ya kufyeka majani anagundua kwamba robo ya uwanja ni mwamba. Unafanyaje?

Baruti wazo hilo sahau. Kwanza lina vibali vyake, Sheria ya Baruti ipo tangu mwaka 1963 na haikutungwa kwa ajili ya mtu anayetafuta pa kuchimba choo. Pili kuna nyumba za watu mita 4 kutoka hapo. Na tatu kuna kumbukumbu. Fundi wangu mkuu anaishi Mbagala, upande wa Temeke. Nilipotamka neno baruti, kwa utani tu, aliacha kukoroga zege. Tarehe 29 Aprili 2009 ghala la silaha lililipuka Mbagala na kuua watu zaidi ya 20. Februari 2011 yakatokea mengine Gongo la Mboto. "Dada," akaniambia, "mimi hata fataki za mwaka mpya sizitaki."

Kuna moto. Unapanga kuni, au kama wengi wafanyavyo tairi chakavu, juu ya jiwe. Likishapata joto la kutosha unalimwagia maji linapasuka. Njia hii inafaa kwa mawe magumu kama yale ya Mwanza. Jiwe la pwani lina tabia nyingine. Ukilichoma sana linageuka chokaa, na hilo babu zetu wa pwani walilijua kwa karne nyingi, maana ndivyo walivyopata lipu ya misikiti na majumba. Juu ya hayo, moshi wa tairi ni ugomvi na mtaa mzima.

Kuna unga wa kupasulia mawe, unaotoka nje ya nchi. Huu ulinivutia kuliko vyote kwa sababu nilipouliza umetengenezwa na nini niliambiwa sehemu yake kubwa ni chokaa hai. Yaani jiwe la chokaa lililochomwa linarudi kulipasua jiwe. Unatoboa matundu kwa drili, unakoroga unga na maji, unamimina, unaondoka. Chokaa inakunywa maji, inavimba, na baada ya kama siku moja mwamba unaachia ufa, hakuna kishindo. Onyo lake kubwa ni kwamba usichungulie tundu baada ya kumimina, kwa sababu mchanganyiko ukipata joto kupita kiasi hufyatuka juu na unaweza kukupofua macho.

Na kuna nyundo, tindo, mtaimbo na mtu.

Nilipiga hesabu. Unga, kukodi drili na jenereta, vyote pamoja vilizidi gharama ya mtu. Nalisema hili wazi kwa sababu tunapenda kusema "bila baruti" kana kwamba tumechagua upole. Upole kwa nani? Kwa kuta za jirani, kweli. Kwa masikio ya mtoto anayelala mchana, kweli. Ila nguvu ya kulivunja jiwe lazima itoke mahali, na kama haitoki kwenye baruti itatoka kwenye mabega ya mtu, kwenye viganja vyake na kwenye macho yake, ambayo kila siku yana nafasi ya kupigwa na kipande. Madhara hayajaondoka. Yamegawanywa vipande vidogo vidogo, siku baada ya siku, na kupewa mtu mmoja ambaye hatapiga kelele. Bandu bandu huisha gogo, tunasema, tukimsifia mwenye shoka. Shoka nalo huisha.

Mzee aliyekuja alikuwa amevunja mawe kwenye machimbo ya Kunduchi tangu ujana wake. Wakati wa kupatana bei aliniita bosi. Tulipoelewana akaanza kuniita mwanangu. Tulielewana laki tano na nusu, kuondoa jiwe lote mpaka usawa wa msingi. Neno tulilotumia lilikuwa hilo: kuondoa. Hatukuandikiana.

Jinsi alivyofanya kazi ingefaa iandikwe na mtu anayejua zaidi yangu. Siku ya kwanza hakupiga hata nyundo moja hadi saa nne. Alizunguka jiwe, akaligonga kwa kichwa cha tindo hapa na pale, akisikiliza. Akamwaga maji kidogo aone yanafuata njia gani. "Jiwe lina mlango," alisema. Kisha akachimba vitundu vidogo kwa mstari, akapachika kabari za chuma, akawa anazipiga moja moja kwa zamu, pigo moja kila kabari, anarudi mwanzo. Hakuwa na haraka. Sauti ya chuma ilikuwa inapanda, inapanda, halafu ghafla ikawa nzito kama ya ngoma iliyolegea, naye akaweka nyundo chini na kukaa. Baada ya dakika kadhaa ufa ukatokea wenyewe. Nimesoma riwaya nyingi zenye watu wavumilivu, lakini uvumilivu wa namna ile sikuwa nimeuona.

Kuanzia siku ya tatu alikuja na mkwe wake, mke wa mwanawe, mwanamke wa kama miaka 27. Huyu hakugusa mwamba. Alikaa chini ya mwembe wa jirani na nyundo ndogo na pete iliyokatwa kwenye mpira wa tairi. Pete unaizungushia kipande cha jiwe ili ukikigonga kisiruke. Mzee anatoa mabonge, yeye anayagonga kuwa kokoto. Kutwa nzima. Ilipita siku 19, na siku ya mwisho uwanja ulikuwa tambarare, na pembeni pamesimama lundo la kokoto kama kenta mbili hivi, safi, saizi moja.

Jirani akaja na laki mbili na nusu, taslimu, anataka lote. Akanifuata mimi. Kabla sijajibu mzee akasema, kwa sauti ile ile aliyoitumia kuomba maji: "Mwanangu, jiwe lilikuwa lako. Kokoto ni zangu."

Fundi alicheka. "Dada, huyu ni kibarua, umeshamlipa, yameisha."

Neno kibarua lina historia ambayo fundi wangu hakuikusudia. Kwenye Zanzibar na Mrima ya karne ya 19 kibarua mara nyingi alikuwa mtumwa aliyekwenda kutafuta ujira wa siku mjini, na jioni anarudi kugawana fedha na bwana wake. Neno lenyewe ni barua ndogo, kile kikaratasi cha kazi. Yaani tangu mwanzo lilimtaja mtu ambaye jasho lake lina mwenyewe mwingine. Utumwa umeisha, neno limebaki, na ndani ya neno limebaki wazo kwamba ukishatoa fedha, kila kilichotoka kwenye ile mikono siku ile ni chako.

Wazo hili lina mtetezi mkubwa, na ni ajabu kwamba ni yule yule anayetajwa kama mtetezi wa jasho. John Locke, kwenye kitabu chake cha serikali cha mwaka 1689, anasema kitu cha asili kinakuwa mali ya mtu pale anapochanganya kazi yake nacho. Maneno matamu. Mzee wangu angeyasaini. Ila katika maelezo hayo hayo Locke anataja majani ambayo farasi wake ameyala na udongo wa nyasi ambao mtumishi wake ameukata, na vyote anavihesabu kuwa mali yake yeye, Locke. Farasi na mtumishi kwenye sentensi moja. Wachambuzi wamegombana miaka mingi juu ya yule mtumishi. Mimi nilikuwa naye uani kwangu, anakunywa maji kwenye kopo.

Mwalimu Nyerere naye aliandika juu ya hili mwaka 1958, kwenye andiko linaloitwa Mali ya Taifa, wakati Waingereza walipotaka Waafrika waanze kumiliki ardhi moja kwa moja kama bidhaa. Hoja yake kwa ufupi ni kwamba ardhi ni zawadi ya Mungu, hakuna aliyeiumba, kwa hiyo hakuna awezaye kuiuza. Ila nguvu mtu alizoziweka, kwa kufyeka au kujenga, hizo zinampa haki juu ya kile alichokiongeza. Ukiichukulia hoja hiyo kwa uzito, mimi ndiye niliye kwenye matatizo. Jiwe sikuliumba. Sikulivunja. Nilichoongeza juu yake ni laki tano na nusu.

Hata hivyo sikubali kirahisi kwamba jasho peke yake linatosha. Hebu fikiria uwanja wa pili, umefanana na wangu, ila mwenyewe ametumia unga. Mtu amekuja na drili asubuhi, akatoboa, akamimina, akaenda kulala; kesho yake mwamba umepasuka. Je, huyu haki yake juu ya vipande ni ndogo kuliko ya mzee kwa sababu hakuchoka? Na mvunja mawe goigoi anayetumia siku 40 badala ya 19, ana haki kubwa zaidi? Hapo hoja ya jasho inaanza kuyumba. Uchungu wa kazi unanigusa moyo, lakini kunigusa moyo si sawa na kunipa sababu.

Sababu, kwa maoni yangu, iko kwenye lile neno kuondoa. Nilinunua nafasi tupu. Nilipolipa ili kitu kiondoke nilikitangaza kuwa uchafu. Lile lundo la kokoto halikuwamo kwenye makubaliano, si kwa upande wangu wala wake. Angeweza kulitupa bondeni kama mabonge, na angekuwa ametimiza ahadi. Kugonga yale mabonge kuwa kokoto ilikuwa kazi nyingine ambayo mimi sikuiagiza na sikuilipa. Jirani alipotoa bei ndipo nilipoanza kulipenda jiwe langu.

Fundi alikuwa na jibu: wamelitumia jiwe lako, wamekaa kwenye kiwanja chako, wamekunywa maji yako. Na ana hoja. Bila jiwe hakuna kokoto.

Katikati ya mvutano huu nilikumbuka kwamba tuko Kunduchi, na ukishuka ufukweni asubuhi chombo kinapoingia utaona watu wanagawana samaki bila kumsoma Locke. Kuna fungu la chombo, kuna fungu la nyavu, kuna mafungu ya wavuvi. Mwenye chombo hata kama hakwenda baharini anapata, kwa sababu chombo kilikwenda. Aliyevuta kamba anapata kwa sababu alivuta. Hakuna anayesema samaki wote ni wangu, wala hakuna anayemwambia mwenzake wewe ni kibarua tu. Mkwezi wa minazi naye, mahali pengi hapa pwani, hushuka na nazi zake juu ya malipo. Sisemi wavuvi hawadhulumiani, wanadhulumiana sana tu, na ugomvi wa mafungu haujawahi kuisha. Lakini wanagombea ukubwa wa fungu. Kwamba lazima fungu liwepo, hilo halina mjadala. Naona huu ni mfumo wenye akili kuliko wa Mwingereza yule, na ni ajabu kwamba tunauacha ufukweni tukipanda juu kujenga nyumba.

Basi nikamwambia mzee tugawane kwa mafungu. Akakubali mara moja, lugha hiyo anaijua. Nikataka mafungu matatu: la jiwe, la mwamba kuvunjwa, na la kokoto kugongwa.

"Mawili," alisema. "La jiwe na la nyundo."

Na hapa ndipo jambo lenyewe liliponikaa kooni. Kwa sababu kokoto hazikugongwa na mzee. Alipotamka "kokoto ni zangu" alikuwa amesema sentensi ya Locke, neno kwa neno, na mtumishi wake alikuwa amekaa chini ya mwembe anakung'uta vumbi kwenye kanga. Mtetezi wa jasho lake mwenyewe alikuwa na jasho la mwingine mfukoni. Sidhani hata aliona. Mimi nimeona kwa sababu nilikuwa natafuta mahali pa kutokuonekana peke yangu.

Mchoraji wa Kifaransa Gustave Courbet alichora mwaka 1849 picha ya wavunja mawe wawili barabarani, mmoja mzee, mwingine kijana. Wote wawili sura hazionekani. Mzee amefunikwa na kofia, kijana ametupa mgongo. Watu waliisifu kwa kuwapa watu wa kazi ukubwa waliokuwa wanapewa watakatifu na wafalme. Picha yenyewe haipo tena, iliteketea mwaka 1945 katika mashambulizi ya mabomu huko Dresden, Ujerumani. Ninayo nakala kwenye simu, na nilipoitazama tena usiku ule kitu kimoja kilinisumbua kuliko sura zilizofichwa: hakuna mtu wa tatu. Hakuna aliyekaa pembeni anayagonga madogo. Hata jicho lililokuja kuwaona wasioonekana lilikuwa na mpaka wake.

Nilimfuata yule dada kando, mzee akiwa anafunga vyombo vyake kwenye kiroba. "Mdogo wangu, wewe fungu lako liko wapi?"

"Niko na baba," alisema.

"Najua. Nauliza zile kokoto ulizogonga wewe."

"Ni za baba."

Kulikuwa na namna ya kuendelea. Ningeweza kumpa fedha mkononi, kimya kimya, nikajisikia vizuri njia nzima hadi Mwenge. Ningeweza kumkatalia mzee mafungu mawili mpaka akubali matatu. Uwezo huo nilikuwa nao, lundo lilikuwa kwenye kiwanja changu na geti ni langu. Wasomaji wangu wa mjini, nawafahamu, wengi mngesema ningelifanya hilo la pili. Lakini kumlazimisha mzee agawe haki nyumbani kwake kwa kutumia geti langu ni aina nyingine ya baruti. Na kunyamaza kabisa ni kukubali kwamba haki inaishia pale mkataba wangu unapoishia. Nimelifikiria hili kwa miezi sasa na bado sioni njia ya tatu iliyo safi. Nilichofanya ni kumwambia mzee mbele ya watu wote, fundi, jirani na mkwe mwenyewe, kwamba nusu yangu ni fungu la jiwe, na nusu yake ni mafungu mawili yaliyofungwa pamoja, la mwamba na la kokoto. Nikayataja yote mawili kwa majina. Hakunijibu. Alicheka kidogo, kicheko cha mtu mzima anayemsikia mtoto akisema la maana mahali pasipofaa.

Nusu yangu imo kwenye jamvi la nyumba. Nusu ya mzee jirani aliinunua kwa laki moja na elfu ishirini na tano, na nilimwona mzee akizihesabu mara mbili kabla ya kuzitia mfukoni.

Wiki mbili baadaye walikuwa kiwanja cha tatu kutoka kwangu, na nilipopita nikamkuta dada peke yake na pete yake ya mpira. Nikamsalimia, nikakaa kidogo kwenye bonge. Nikamuuliza kama kokoto za kwangu zilimfikia hata kidogo. Akashika jiwe jingine, akalizungushia pete.

"Dada," alisema, "hayo ni ya nyumbani kwetu." Akaniambia nisogee, vipande visije vikanirukia machoni.